Sura ya Sita: Babu Kapumzika

"Isome tena," Sajenti alisema, "halafu uniambie kama huyu si muuaji."

Inspekta hakuwa na haja ya kuisoma tena. Alikuwa ameisoma jana, ameisoma usiku, na asubuhi hii ameisoma kabla hata ya kuvua koti. Simu ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni juu ya meza, na ile meseji ilikuwa imepigwa picha na kubandikwa kwenye jalada: *Babu kapumzika. Hatatusumbua tena. Rudi salama.*

Aliyeituma alikuwa mtafiti wa maabara ya umeme kwenye chuo cha ufundi, binti mwembamba mwenye miwani, ambaye sasa alikuwa amekaa mahabusu mwisho wa korido. Aliyetumiwa alikuwa mhandisi wanayefanya naye kazi, aliyekuwa safarini kumuuguza mama yake. Na aliyekufa alikuwa Profesa, mkuu wa maabara ile, aliyepigwa na umeme kwenye meza yake mwenyewe. Tabu ilikuwa hapa: meseji ilitumwa asubuhi, na Profesa alikutwa amekufa mchana. Yaani mtu ametangaziwa kifo angali hai, anafundisha darasani, chaki mkononi.

"Mwenyewe anasemaje?" Inspekta aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

Sajenti alicheka kwa pua. Alisema binti anadai Babu ni mashine. Eti kuna mashine pale maabara wanaiita Babu. Yeye Sajenti hakusoma sana, lakini Kiswahili alinyonya kwa mama yake, na mashine haiwezi kuwa *kapumzika*. Mashine ni *imepumzika*. Mashine *haitatusumbua*. Ukisema kapumzika, umesema mtu. Na mtu akipumzika namna hiyo, tunanunua sanda.

Ilikuwa hoja nzuri, na Sajenti aliipenda kama mtu anavyopenda shati jipya. Jana alimwambia Mkuu wa Kituo, na Mkuu akaipenda pia. Sasa Mkuu alitaka jalada liende kwa mwendesha mashtaka jioni hii, kosa la kuua kwa kukusudia, mambo yaishe.

Lakini meseji isingetosha peke yake. Lililommaliza yule binti lilikuwa neno la mlinzi wa getini. Mlinzi alisema binti alitoka maabara akipiga kelele za kuomba msaada, kisha akarudi ndani mbio. Mlinzi alipofika mlangoni alimwona akichomoa kitu cheusi mezani na kukisokomeza ndani ya koti lake jeupe. Aliulizwa ni kitu gani. Aliulizwa kwa upole, akaulizwa kwa ukali, Sajenti akagonga meza mpaka chai ikamwagika. Binti alinyamaza jii.

Na juu ya yote, hakuwa mgeni kwa marehemu. Profesa alikuwa baba yake mkubwa. Wazazi wake walifariki akiwa hajaota hata jino, na Profesa na mkewe, ambao hawakujaaliwa mtoto, wakamchukua wakamlea. Mjane aliposikia habari za meseji na za kitu kilichofichwa alisimama mbele za watu waliokuja kumpa pole akasema yule si mwanawe tena, na kwamba kesho, siku ya mazishi, asionekane hata kwa mbali. Hata angeachiliwa leo hii, mlango wa nyumbani ulikuwa umefungwa.

Inspekta alivaa koti lake tena.

"Unakwenda wapi, afande? Jalada limekamilika."

"Nina swali moja tu."

Sajenti aliinua macho juu kuomba subira. Pale kituoni wenzake walimwita Inspekta huyu Swali Moja, kwa sababu kila mara alisema ana swali moja tu, na hakuna aliyekumbuka siku aliyoishia moja. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye mwendo wa mtu anayekwenda dukani kununua kiberiti, na wahalifu wengi walimdharau mpaka walipojikuta wametia saini maelezo.

"Yule binti humwita marehemu nani?" aliuliza.

"Baba Mkubwa."

"Tangu utotoni?"

"Tangu utotoni."

"Basi kwa nini siku ya kumuua amwite Babu?"

Sajenti alichukua funguo za gari.

*

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja. Meza zilijaa nyaya, koili, mita na visanduku vilivyofunguliwa matumbo. Harufu ya risasi ya kulehemu ilikuwa imeingia mpaka kwenye mapazia. Mhandisi aliwapokea mlangoni, kijana mkubwa wa mwili mwenye macho mekundu. Alikuwa amerudi kutoka safari jana jioni na ilionekana hajalala. Alisema ameyasikia ya ile meseji, na amekwenda kituoni kueleza, akafukuzwa na askari wa zamu.

Sajenti aliangalia ukutani, kama vile ukuta una kitu.

"Tuonyeshe Babu," Inspekta alisema.

Babu alikuwa sanduku la chuma lililochakaa, limekaa mwisho wa meza ya Profesa. Mhandisi aliunga waya, akabonyeza swichi. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha sanduku likasema *kho*. Likanyamaza. Likasema *kho* tena.

"Anakohoa," Mhandisi alieleza. "Ndiyo maana tukamwita Babu. Miezi yote hii alikuwa anakohoa ovyo. Mara upesi upesi, mara amekatika kabisa, mara ana homa, ukimshika anaunguza. Ametutesa huyu mzee. Asubuhi ile ndiyo mara ya kwanza alikohoa kwa mpangilio bila kukosea, na dada mliyemshika ndiye aliyemtengeneza."

Inspekta alimtupia Sajenti jicho. *Anakohoa. Ana homa. Ukimshika.* Hakuna *i* hata moja. Katika chumba hiki mashine ilikuwa mtu, na watu hawa walikuwa wamekaa nayo muda mrefu hata wenyewe hawakusikia tena jinsi walivyosema.

"Na kupumzika?"

Mhandisi alieleza kwamba hilo ndilo jina lenyewe la utafiti wao: saketi za mapumziko. Ni saketi ambamo umeme unaingia kidogo kidogo kwenye kapasita, yaani kile kikopo cha kutunzia umeme, mpaka kinaelemewa, kinaumwaga wote kwa mkupuo, kinapumzika, kinaanza kujaa tena. Ukitaka kuielewa, alisema, tega kopo chini ya bomba linalovuja, ulining'inize kwa namna kwamba likijaa linapinduka lenyewe. Linajaa polepole, linamwaga ghafla, linarudi. Indiketa ya gari hufanya hivyo. Kengele nyingi hufanya hivyo. Babu alikuwa wa uzio wa umeme wa kuzuia wanyama wasile mazao. Kila kikohozi ni pigo moja la umeme kwenye waya wa uzio, mnyama anashtuka, anakwenda zake. Profesa alitaka uwe rahisi kiasi kwamba mkulima yeyote aweze kuutengeneza kwa vipuri vya redio mbovu. Saketi ikishika mpangilio wake, hapa ndani walisema imepumzika. Na ikiwa ni Babu, kapumzika.

"Hatatusumbua tena," Sajenti alisema polepole, akaikuna shingo.

"Nilipoisoma nilicheka peke yangu ndani ya basi," Mhandisi alisema. Alijifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Hoja nzuri ya Sajenti ilikuwa imekufa, lakini kitu cheusi kilikuwa bado hai. Inspekta alimwachia Mhandisi muda wa kufuta uso, kisha akasema ana swali moja tu: mtu anayejua umeme kama Profesa huingizaje mkono mahali pa kumuua?

Mhandisi alizima Babu. Alionyesha kwa kalamu, bila kugusa, makopo mawili makubwa ya umeme ndani ya sanduku. Hatari ya Babu, alisema, haiishi ukimzima. Haya makopo yanabaki yamejaa, na yaliyojaa yanaua kama waya wa nguzoni. Hivyo kuna kazi mbili za kufanya kabla ya kuingiza mkono. Ya kwanza ni kuitazama ile.

Aliyoionyesha ilikuwa taa ndogo ya rangi ya machungwa, kubwa kama punje ya harage, iliyosimama juu ya kijiti pembeni ya sanduku. Ilikuwa inakonyeza. Nayo ilikuwa saketi ya mapumziko, ndogo, Profesa aliibuni mwenyewe: hunywa umeme kutoka kwenye makopo makubwa, inajaa, inawaka, inazimika, inajaa. Maadamu inakonyeza, makopo bado yana umeme. Ikiacha, umekwisha.

"Na kazi ya pili?"

Ya pili ilikuwa fimbo yenye waya, iliyotundikwa kwenye msumari ukutani. Unaigusisha kwenye makopo kuyamwaga kabisa, hata kama taa imeacha. Sajenti alisema siku ile waliikuta hapo hapo kwenye msumari. Mhandisi alitikisa kichwa kwa huzuni. Alisema Profesa aliwafokea wote kuhusu ile fimbo, lakini yeye mwenyewe aliruka mara nyingi. Aliiamini taa yake.

Siku ile alitoka darasani mchana, binti akiwa ameenda kula. Alizima Babu ili alehemu upya waya mmoja uliokuwa umeshikizwa tu. Akasubiri taa iache kukonyeza. Akaingiza mkono. Kila mtu alikuwa anajua mpaka hapo. Swali lilikuwa kwa nini taa iseme hakuna umeme na umeme upo. Mafundi wa chuo waliikagua siku ile ile wakasema nzima. Hata sasa ilikuwa inakonyeza mbele yao kama kawaida.

Inspekta aliinama, akaitazama ile taa kwa karibu mpaka pua ikakaribia kuigusa. Sanduku lilikuwa na vumbi, vumbi la miezi. Lakini kuzunguka kijiti cha taa palikuwa na duara safi, kana kwamba kitu kilivishwa pale na kuvuliwa. Na kwenye skrubu chini ya kijiti, kulikuwa na uzi ulionaswa. Aliutoa kwa kibanio, akauweka kwenye karatasi nyeupe. Ulikuwa uzi mweusi wa cherehani.

"Mlikuwa mnaivalisha nguo hii taa?"

Mhandisi alisema hapana, haijawahi. Alipoondoka ilikuwa wazi.

"Ikivalishwa je? Ikifunikwa kama hivi, na tundu juu la kuchungulia?"

Mhandisi aligeuka ghafla kuitazama taa. Inspekta aliona rangi ya uso wake inabadilika, akajua amegusa penyewe.

"Sajenti, naomba bereti yako."

Sajenti aliivua shingo upande. Bereti ilikuwa nyeusi, mpya, na Inspekta aliikunja ikawa kama soksi, akaivisha taa, akaacha tundu dogo juu. Mhandisi alimwasha Babu, akamwacha ajae, akamzima. Kisha akashika mita, akaunga ncha zake kwenye makopo kwa uangalifu wa mtu anayemlisha nyoka. Inspekta aliweka jicho kwenye tundu.

Giza. Alisubiri. Giza tupu, hakuna kukonyeza.

"Umekwisha," alisema. "Mita inasemaje?"

Mhandisi aliisoma mara mbili. "Yamejaa. Ukigusa umekufa."

Inspekta aliondoa jicho na kuinyanyua bereti, na ile taa ikaruka kuwaka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, ikakonyeza, ikakonyeza. Akaifunika tena, akachungulia. Giza. Walirudia mpaka Sajenti naye akachungulia, akasema Mungu wangu.

Mhandisi alikaa kwenye stuli. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba taa za aina hii zina tabia hiyo: kuanza kuwaka zinahitaji kuwe na mwanga kidogo, hata wa dirishani. Kwenye giza kabisa zinakuwa nzito kuamka. Zinataka umeme mwingi zaidi, na ikiwa taa ni ya zamani na umeme wenyewe ni wa kubana, hazitaamka kabisa. Vitabuni imo. Profesa aliijua. Ila katika maabara yenye madirisha makubwa hivi, hakuna aliyewahi kukutana nayo.

"Aliona kuna tundu, akajua mwanga unaingia," Inspekta alisema.

"Ndiyo. Akasahau kwamba akichungulia, jicho lake ndilo kifuniko."

Kisha Sajenti, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo, aliuliza nani mwingine humu ndani anaijua tabia hiyo ya taa.

Mhandisi alitazama sakafu. "Dada. Ndiyo sehemu yake ya utafiti."

Ndani ya gari Sajenti aliongea njia nzima. Sasa mambo yamenyooka, alisema. Meseji amesamehe. Lakini binti anaijua taa, binti kaivalisha kitu cheusi, mzee kafa, binti kakiondoa. Unataka nini zaidi? Inspekta alimwacha amalize, kisha akasema ana swali moja tu.

"Ungekuwa wewe ndiye uliyetega, ungeanza nini: kupiga kelele au kuondoa kile kitu?"

Sajenti alibadili gia. "Kuondoa," alisema baadaye.

"Yeye alipiga kelele kwanza. Alitoka nje, akaita watu, ndipo akarudi, akakiona, akakiondoa mlinzi akimtazama. Hakuwa anaficha kazi yake. Aliona kazi ya mtu mwingine, akamtambua mwenyewe. Na hapa duniani amebakiwa na mtu mmoja tu wa kumfichia. Geuza gari. Twende kwa mjane."

*

Nyumba ya marehemu ilijaa watu waliokuja kuhani. Mjane alikuwa ameketi chumba cha nyuma pamoja na dada yake, mama mrefu, mnyoofu, aliyeshika leso bila kuitumia. Pembeni ya dirisha palikuwa na cherehani ya miguu iliyofunikwa kitambaa. Inspekta alitoa pole, akaipokea ile hotuba aliyoitarajia. Mjane alisema alimnyonyesha kwa chupa yule mtoto, akamfundisha kufunga kamba za viatu, na asante yake ndiyo hii. Alisema hakanyagi hapa. Alisema kama sheria ni sheria, afungwe hadi azeeke humo humo.

Inspekta hakumkatisha. Mtu anayeumia mwache aseme. Alipomaliza, Inspekta aliuliza kuhusu afya ya marehemu, swali la kawaida la jalada. Je, macho yake yalikuwa mazima?

Hapo uso wa mjane ulilegea kidogo kwa mara ya kwanza.

"Macho mazima. Kichwa ndicho kilikuwa kinampasua," alisema. "Ile taa yake, ile inayokonyeza konyeza kama chongo. Akikaa nayo siku nzima anarudi hata supu haigusi. Daktari akamwambia aikimbie. Wapi! Anaikimbiaje na ndiyo kazi yake? Nikamwambia, lete vipimo, nitaivalisha nguo."

Dada yake alitabasamu. Alisema huyu angeweza kumshonea hata mbu suruali.

Mjane aliendelea. Alisimulia jinsi alivyotafuta kitambaa cheusi kizito, kipande kilichobaki kwenye pazia, akakishona kama soksi, chini akatia mpira kishike, juu akaacha tundu dogo la kuchungulia, akalizungushia uzi mara mbili lisifumuke. Aliimaliza usiku wa kuamkia ile siku. Profesa aliivaa kidoleni wakati wa chai, akaichezesha kama kikaragosi, wakacheka. Akatoka nayo mfukoni.

"Sijui kama alipata kuitumia," mjane alisema. "Naona katika vitu vyake mlivyonirudishia haimo. Mkiipata, nileteeni. Ndicho kitu cha mwisho nilichomshonea."

Sajenti alikuwa amesimama mlangoni. Alitoka nje bila kuaga.

Inspekta aliangalia ile cherehani. Alitaka sana kunyanyuka aende zake. Badala yake alimwomba mjane afuatane naye kituoni. Kuna jambo, alisema, ambalo lazima alisikie leo kabla ya mazishi, na si vizuri alisikie mbele ya watu. Mjane alimtazama sana. Kisha akamwambia dada yake amletee mtandio.

*

Mjane aliachwa kwenye ofisi ya Mkuu na kikombe cha chai. Inspekta alikwenda kwanza mahabusu.

Binti alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji, miguu peku, miwani imechafuka. Hakuinua kichwa. Inspekta alikaa kando yake kama wanaosubiri zamu hospitalini.

"Soksi iko wapi?" aliuliza.

Binti alishtuka kiasi kwamba miwani ilimtoka. Aliishika, akaivaa. Alitazama ukuta, akatazama Inspekta, akaona kwamba hakuna pa kukimbilia.

"Ndani ya mto wangu," alisema. "Nyumbani kwangu. Nilitaka kuichoma, nikashindwa. Ni mkono wake, afande. Nilipoona tu lile tundu, ule uzi wa kuzungusha mara mbili, nilijua. Koti langu la maabara kanishonea hivyo hivyo."

Alisema aliporudi kutoka kula alimkuta Baba Mkubwa sakafuni, akatoka akipiga kelele, akarudi kumshika mkono, na ndipo alipoinua macho akaiona juu ya taa. Alielewa yote hapo hapo, moja kwa moja, kama mtu aliyesomewa. Hakufikiria polisi wala jela. Alifikiria tu kwamba mlinzi anakuja, na baada ya mlinzi watakuja wengine, na mmoja wao atauliza nani kaishona.

"Ukaona bora wewe."

"Niliona mtasema ajali, yaishe. Sikujua mambo ya meseji." Alifuta pua kwa kiganja. "Halafu mlipoanza kunishika mimi, nikasema sawa. Akinichukia mimi ataishi. Akijua, hataishi. Afande, andika chochote. Andika nilisahau kumwaga yale makopo. Nitatia saini."

"Siwezi kuandika uongo," Inspekta alisema, "na hata ningeweza, huu ni wa kipumbavu. Mkuu anataka kukupeleka mahakamani kwa kuua. Na jalada, liwe la nani, litasema ukweli kuhusu taa, na kuhusu kitambaa. Atausikia siku moja kwa wakili, au kwa jirani, au kwa mtu asiyempenda." Alimgeukia. "Yupo hapa. Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?"

Binti alilia kwanza. Inspekta alimwacha, akatazama mlango wa chuma. Kisha binti akasema atamwambia mwenyewe.

Mjane alipomwona anaingia ofisini alinyanyuka na kugeuza uso dirishani. Inspekta alimwomba akae. Hakukaa. Binti alisimama karibu na mlango, akaanza, akakwama, akaanza tena. Alisema Baba Mkubwa hakuuawa na mtu. Alisema ile taa, ikiwa gizani kabisa, hulala, haiwezi kuamka, hata kama umeme upo. Alisema siku ile ilikuwa gizani.

"Gizani vipi mchana?" mjane aliuliza, bado akitazama dirisha.

"Ilikuwa imevalishwa, Mama."

Ilichukua muda kufika. Inspekta aliona mgongo wa yule mama, ulionyooka siku zote hizi mbele ya wageni, ukianza kuinama kidogo kidogo. Mjane alishika kingo za dirisha. Alitoa sauti moja, ndogo, isiyo na neno ndani yake, na Inspekta akasogea tayari kumdaka. Hakuanguka.

"Wewe ulijua lini?" alisema.

"Nilipoiona."

"Ukaificha."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nimekuita muuaji mbele za watu. Nimekulaani. Ulisikia?"

"Nilisikia. Sajenti aliniambia."

Sajenti, aliyekuwa kwenye kona, alitamani ardhi impasukie.

Mjane aligeuka. Alimtazama binti toka kichwani, ile miwani chafu, lile gauni la siku nyingi, mpaka chini. Inspekta aliyekuwa ameona watu wengi wakiambiwa mambo mazito alijua kwamba sasa linakuja lile la kujilaani, au la kumlaumu Mungu, na mjane alikuwa na haki nalo, na lingekuja tu, kesho au mwakani, na lingekaa sana. Lakini halikuja sasa.

"Mbona peku?" mjane aliuliza.

Alimgeukia Inspekta.

"Huyu ameachiliwa au bado?"

"Ameachiliwa," Inspekta alisema. Mkuu alikuwa hajatia saini, na angepiga kelele, na angetia saini.

"Basi mpeni viatu vyake."

Sajenti alitoka mbio, akarudi na viatu mkononi, vya kamba, kamba zimetolewa kwa mujibu wa kanuni za mahabusu na kukunjwa ndani. Aliviweka sakafuni. Binti aliinama kuzipitisha kamba kwenye matundu yake, lakini vidole vilikuwa havimtii, na mjane akapiga magoti kwenye sakafu ya ofisi ya polisi, akamnyang'anya kiatu, akaanza kupitisha kamba yeye.

"Acha, Mama, nitafunga mwenyewe."

"Nyamaza. Tulia hapo." Alivuta kamba, akaifunga, akashika kiatu cha pili. Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya mikono na hakuyafuta. "Tunakwenda nyumbani. Kesho tuna mtu wetu wa kuzika, na mimi peke yangu sitaweza."